Waipa zinasimama katikati ya kioo: nimeshabadilisha mota, sasa naambiwa ninunue swichi

MamaKaroti_Soni

Habari za jioni wadau. Naombeni msaada kabla sijatoa hela nyingine.

Nina kiwagoni cha Kijapani cha mwaka 2004, injini 1,500 cc. Nakitumia kushusha mboga kutoka Soni hadi Tanga mjini: kabichi, karoti, hoho. Natoka saa tisa usiku ili niwahi soko la Mgandini kabla wachuuzi hawajamaliza kununua kwa wengine. Wanaoijua barabara ya Soni kwenda Mombo wanajua ilivyo: mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine, kona haziishi, na masika hii ukungu unalala barabarani mpaka jua lichomoze.

Wiki tatu zilizopita, mvua ikiwa kubwa, waipa zilianza kujivuta. Nikasogeza swichi kwenye HI, ile ya kasi, nikijua zitakimbia. Zikasimama kabisa, katikati ya kioo, mbele ya macho yangu. Nikawasha taa za tahadhari, nikashusha dirisha, nikatoa kichwa nje kusikiliza kama kuna lori linapanda. Nina mtoto nyumbani. Sijawahi kuogopa vile.

Fundi alichomoa plagi ya mota, akaweka mita, ikasoma volti 12. Akasema umeme unafika, mota imekufa. Nikanunua mota ya mtumba, 85,000. Tabia ikawa ile ile. Akaniwekea fyuzi ya ampea 30 badala ya 20 "ili umeme upite vizuri". Hakuna kilichobadilika. Jana kaniambia basi ni swichi ya kwenye usukani, 60,000, na ufundi juu yake.

Maji ya kioo yanaruka kama kawaida. LO, ile ya taratibu, inajivuta, HI inasimama, INT, ile ya kupiga na kupumzika, inapiga mara moja tu kisha inalala. Kuna namna ya kujua kwa hakika kwamba ni swichi, kabla sijainunua?

Mdau_wa_Spea

Dada, hiyo ni swichi. Gari zikizeeka swichi zinalika ndani, mimi yangu nilibadilisha ikapona siku ile ile. Ukija Dar pita Shauri Moyo pale Ilala, beba na ya zamani wakulinganishie.

Dereva_Segera

Kabla ya umeme angalia vyuma. Ile mikono ya chuma iliyo chini ya kava la plastiki, pale waipa zinapozungukia, huwa inakauka grisi na kushika kutu. Mota inasukuma mpaka inachoka. Mota nyingine zina kikata umeme ndani yake, zikipata moto zinajizima, zikipoa zinarudi, na wewe unahangaika na nyaya bure. Tenganisha mkono wa mota na hivyo vyuma, zungusha waipa kwa mkono. Zikienda laini, hapo ndipo umtafute mtu wa umeme. Usiingize kidole humo ufunguo ukiwa umewashwa, nimeona mtu amevunjwa.

FundiNyaya_Korogwe

Mwanangu, usinunue kitu kwanza. Nafanya umeme wa magari tangu 1991, na nimeona swichi nzima nyingi zikitupwa kuliko zilizokufa kweli.

Tuanze na maneno yako mwenyewe. Umesema LO inajivuta na HI inasimama. Ndani ya swichi LO na HI hazina mguso mmoja, kila moja ina wake. Na ndani ya mota kila moja ina kaboni yake, yaani kile kipande kinachopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka. Mota ya waipa ina kaboni tatu: ya pamoja, ya LO iliyokaa mkabala nayo, na ya HI iliyosogezwa pembeni ili umeme upite kwenye koili chache na mota ikimbie. Mguso wa LO ukiungua kwenye swichi, LO inakufa na HI inabaki inachapa kazi. Kwako zimeugua zote mbili kwa wakati mmoja, na ugonjwa umehamia hata kwenye mota mpya. Basi tunatafuta kile zinachochangia. Ni vitu viwili tu: njia ya chanya inayoingia kwenye swichi, yaani fyuzi na waya wake, au waya wa hasi unaotoka kwenye mota kwenda kwenye bodi ya gari. Na kule HI kuwa mbaya kuliko LO kunanisukuma huko huko, maana HI inavuta ampea nyingi zaidi, na njia yenye kasoro inajionyesha mzigo unapozidi.

Sasa ile 12 ya fundi wako. Alipima plagi ikiwa imechomolewa. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya wa nyuzi ishirini ukikatika ukabaki uzi mmoja, mita bado itakusomea 12. Ni kama bomba lililojaa mchanga: ukiliziba mdomo kwa kidole utasikia msukumo wote wa tangi, ukiliachia lijaze ndoo unapata matone. Mimi mita yangu inakaa mfukoni, kwanza natoa taa ya indiketa ya wati 21 niliyoiunganisha na nyaya mbili. Hiyo inavuta karibu ampea 2. Ikiwaka nyeupe, njia ni nzima. Ikiwaka nyekundu kama kaa la moto, nimempata mwizi.

Kwako fanya hivi. Tafuta mita, injini iwake, waipa ziwe kwenye LO na plagi imechomekwa mahali pake. Ingiza sindano ya kushonea kwa nyuma ya plagi, pembeni mwa waya, mpaka iguse chuma cha ndani. Usitoboe waya, utakaribisha maji. Mguu mweusi wa mita uwe kwenye hasi ya betri yenyewe, pale juu kabisa kwenye nguzo yake, usiuweke kwenye bolti ya bodi. Mguu mwekundu uanze kwenye waya wa LO, halafu uhamie kwenye waya wa hasi wa mota. Kwenye Toyota nyingi huo wa hasi ni mweupe wenye mstari mweusi, kwenye gari nyingine ni mweusi mtupu. Waya wa hasi ulio mzima utakusomea 0.1, ukizidi sana 0.2, hata mota ikiwa inazunguka. Ukisoma zaidi ya hapo, hizo volti zilitakiwa kuwa ndani ya mota na zinapotelea njiani.

Na hiyo fyuzi ya 30 itoe leo, usiku huu huu. Rudisha namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi. Fyuzi haipitishi umeme vizuri zaidi kwa kuwa kubwa. Kazi yake ni kukatika kabla waya haujaungua, na waya wako ulipimwa kwa 20. Siku itakapotokea shoti kitakachoungua ni waya, nyuma ya dashibodi, na wewe umo ndani. Jambo hili linaniumiza sana kuliona linafanywa na watu wanaojiita mafundi.

Nina swali moja. Je, kuna mtu aliyegusa eneo la chini ya kioo hivi karibuni? Kubadilisha kioo, rangi, kuziba kutu?

MamaKaroti_Soni

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa kujipa muda wote huo.

Fyuzi nimeirudisha ya 20. Na ndiyo, mwezi wa pili nilibadilisha kioo cha mbele baada ya kupigwa na jiwe. Kilipotolewa tukakuta kutu kwenye fremu upande wa chini, fundi rangi akaisugua, akapiga rangi mpaka kule ndani kwenye mota. Sikuandika mwanzo kwa sababu sikujua kama kioo kina uhusiano na umeme.

Mita nimeazima kwa kijana anayetengeneza redio hapa Soni. Mwanangu wa darasa la sita alishika mita anasoma namba kwa sauti, mimi nikashika sindano. Injini inawaka, betri 13.9. Waya wa LO, waipa zinatembea: 13.4. Waya wa hasi, waipa zimezimwa: 0.00. Waya wa hasi, LO: 4.6, inapanda na kushuka kadiri waipa zinavyopanda kioo. Nikaweka HI, ikapita 6, waipa zikasimama, nikazima haraka.

Nimerudia mara tatu maana nilidhani nimekosea. Hiyo 4.6 ndiyo mwizi?

Kaka Dereva_Segera, na wewe nilikusikiliza. Upande wa dereva ulikuwa mzito kidogo, nimetia grisi. Umepungua ila ugonjwa upo.

FundiNyaya_Korogwe

Marahaba mwanangu. Huyo mtoto mpe soda.

Ndiye huyo. Betri 13.9, waya wa LO 13.4. Maana yake kutoka betri, kupita fyuzi, kupita swichi, mpaka kwenye mota, umepoteza nusu volti. Kwa gari la mwaka 2004 hiyo ni njia nzuri, na swichi iko humo humo ndani. Swichi imepimwa ikiwa na mzigo na imefaulu. Sasa toa 4.6 kwenye 13.4: mota inapata 8.8. Kwa volti hizo ingejivuta hata ingekuwa imetoka kiwandani asubuhi hii. Na ona ile 0.00 waipa zilipozimwa. Ndiyo iliyomdanganya fundi wako. Bila umeme kutembea hakuna kinachopotea, kila kitu kinaonekana kizima.

Kabla hujafungua chochote, hakikisha. Chukua waya mnene, mfano wa zile za spika kubwa, upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande wa pili uguse sindano iliyo kwenye waya wa hasi wa mota, waipa zikiwa LO. Zikiruka na kukimbia, tumemaliza kutafuta.

Halafu fuata ule waya wa hasi kwa mkono mpaka mwisho wake. Utakuta kikombe cha shaba chenye tundu, kimebanwa na bolti kwenye bodi, mara nyingi ya spana namba 10. Chomoa betri kwanza. Fungua bolti, uniambie umeona nini.

Mdau_wa_Spea

Mzee nimekuelewa, nafuta ushauri wangu. Ile swichi yangu ya zamani ninayo kabatini bado, kesho naipima kwa taa ya indiketa.

MamaKaroti_Soni

Nimeguswa kuwaandikia hata kabla sijanawa mikono.

Nilipogusisha ule waya kwenye sindano, waipa zilipiga kwa nguvu mpaka mwanangu akarudi nyuma. Zilikuwa zinapiga kama siku niliyolinunua gari.

Bolti iko upande wa kushoto, chini ya ile plastiki, imejificha nyuma ya bomba la maji ya kioo. Imepakwa rangi nyeupe yote, kichwa na kikombe cha waya kwa pamoja. Fundi rangi alifungua, akapiga rangi kwenye bodi, akarudishia juu ya rangi, kisha akapiga tena juu. Nilipoifungua, chini ya kikombe kulikuwa na rangi tupu, laini kama sahani. Sehemu moja tu ilikuwa inang'aa, pale washa ilipokwaruza, nyembamba kama ukucha wa kidole kidogo, na ukingo wake umeanza kuwa kahawia. Umeme wote wa waipa ulikuwa unapita hapo.

Nimekwangua kwa kisu, nikasugua kwa msasa mpaka chuma cheupe kikatoka, upande wa bodi na upande wa kikombe. Nimekaza, kisha nimepaka grisi juu. Nimepima tena: LO 0.08, HI 0.12.

Mzee, nimekaa kwenye kiti cha dereva nikaziangalia zinavyokwenda, mvua haipo, nimemwagia maji kwa ndoo. Nimelia kidogo, sijui kwa nini.

Kimebaki kitu kimoja. INT bado inapiga mara moja tu na kulala, ikirudi chini vizuri mahali pake. LO na HI hazina tatizo lolote.

FundiNyaya_Korogwe

Mwanangu, hapo ulipofika wapo mafundi wenye karakana ambao hawajafika.

Grisi umepaka wakati sahihi, baada ya kukaza. Ukipata rangi kidogo ipake juu ya kichwa cha bolti, kutu isirudi.

Kuhusu INT, sasa ndiyo nitakubali kuizungumzia swichi. Ukiweka INT kuna kisaa kidogo na rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, kwenye gari nyingi za Kijapani vimo ndani ya swichi yenyewe. Kisaa kinaipa LO umeme kwa muda mfupi tu, mota inaanza kuzunguka. Kuanzia hapo mota inajibeba yenyewe: ndani ya giaboksi yake kuna sahani yenye pengo, inaendelea kuilisha mota mpaka waipa zifike chini, pale pengo linapokuta mguso, mota inakatiwa umeme na kufungwa breki papo hapo. Kisha kisaa kinahesabu sekunde kadhaa na kuanza upya. Zako zinarudi chini vizuri, kwa hiyo sahani ya mota ni nzima na waya wake ni mzima. Kisaa ndicho hakianzi tena.

Hiyo si dharura. Kwenye mvua ya Soni LO inatosha. Usiitoe hela ya karoti kwa ajili hiyo.

Makanika_Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Nimefuata hii mada tangu juzi, naomba kuongeza hapo kwa INT.

Dada, mara nyingi kile kisaa hakijafa, ni risasi ya kulehemu imepasuka kwenye miguu ya rilei ndani ya swichi, kwa mtikisiko wa miaka mingi. Yule kijana wa redio aliyekupa mita aweza kukutengenezea. Chomoa hasi ya betri, ngoja dakika mbili ndipo uguse plastiki za usukani, kwa ajili ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa usukani. Usukani wenyewe usiutoe, hauna haja. Fungua skurubu za chini za kava, na mkono wa waipa, kwenye gari hizi ni wa kushoto, huchomoka wenyewe ukibonyeza klipu yake. Ukiona plagi ya manjano hiyo ni ya eabegi, iache kabisa, wala usiipime kwa mita.

Ukifungua swichi ifungulie ndani ya beseni. Mna springi ndogo na mpira wa chuma kama punje ya mtama, vikiruka huvipati tena. Piga picha kila hatua. Kijana aziangalie nukta za risasi kwa kioo cha kukuzia: iliyopasuka ina mduara mweusi kuzunguka mguu. Aipashe moto tena aongeze risasi kidogo, basi. Ile miguso ya shaba msiipige msasa mkali, futeni kwa kitambaa na spiriti tu.

Na siku ukiamua kununua ya mtumba, hesabu pini za plagi, usitazame umbo la nje pekee. Za gari lenye waipa ya nyuma na lisilo nayo zinafanana sana kwa sura.

MamaKaroti_Soni

Asante sana kaka wa Likoni. Kijana wa redio amekubali, Jumapili tunafungua, beseni ninalo.

Leo nimeshuka. Nimetoka saa tisa na robo, mvua ilinikuta kabla ya kuimaliza ile milima, kubwa, maji yanatiririka barabarani kutoka kwenye mwamba. Niliweka LO kwanza, nikasubiri kona mbili, nikaweka HI. Zimekwenda mpaka Mombo bila kusita. Mgandini nilikuwa wa pili kufungua gunia.

Mzee Fundi, swali la mwisho. Mota yangu ya kwanza, ile iliyosemwa imekufa, ninayo kwenye mfuko. Aliyeniuzia ya mtumba hataki kurudisha hela. Hiyo ya zamani niitupe?

FundiNyaya_Korogwe

Usiitupe. Ibane chini kwa mguu, maana itaruka. Hasi ya betri kwenye pini ya hasi, chanya kupitia fyuzi ya 20 kwenye pini ya LO, kisha uhamishe kwenye pini ya HI. Isikilize. Ikizunguka bila kukoroma na HI ikiwa ya kasi kuliko LO, hiyo ni mota yako ya kiwandani na ni bora kuliko uliyonunua.

MamaKaroti_Soni

Imezunguka. LO taratibu, HI kasi, haikoromi hata kidogo. Nimeifunga kwenye nailoni, nikaiviringisha kwenye gunia la karoti, iko chini ya kiti cha nyuma pamoja na spana namba 10.